Mpango uanze na asiyekunywa

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: msomaji akisafiri nje ya nchi na kutaka kuzuru mashamba ya mvinyo, apangeje ziara yake? Nadhani wengi watawajibu kwa majina ya chupa. Mimi nawajibu kwa watu. Kabla hujafungua ramani, jiulize ni nani katika msafara wenu anakunywa na nani hanywi, halafu panga kwa kumfuata huyo asiyekunywa. Mnywaji hana shida, atafurahi popote utakapompeleka.

Kwetu Mwanza hili ni jambo la kila siku. Ingia nyumba yoyote ya Nyegezi au Igoma siku ya sikukuu: Mkatoliki anashushia sato wake na bia, Muislamu ana soda yake, na Msabato amekaa kando na maji, maana hata chai ya majani wengine wao hawaitaki. Watu hao hao ndio wanaosafiri pamoja. Tulipokwenda Cape Town tulikuwa na mume wangu, dada yangu na shemeji, mdogo wake mume wangu, ambaye ni mzee wa kanisa la Wasabato. Kumpitisha mtu kama huyo kwenye kaunta za mvinyo kutwa nzima ni kumwonea.

Afrika Kusini ilitufaa kwa sababu Mtanzania anaingia bila viza kwa matembezi ya muda mfupi, magari yanapita kushoto kama kwetu, na mashamba yako karibu na mji. Groot Constantia, lililoanza mwaka 1685, limo ndani ya Cape Town yenyewe. Stellenbosch ni kama kilomita 50. Ukivuka mlima kutoka hapo unashuka Franschhoek, bonde walikopewa ardhi Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1600. Paarl nako si mbali. Ukiyaona hivyo kwenye ramani unashawishika kupita mashamba matano kwa siku. Kataa. Chagua bonde moja na mashamba mawili, moja kabla ya chakula cha mchana na moja baadaye. Kila shamba linakuwekea glasi tano au sita za kuonja, kidogo kidogo, kuanzia nyeupe kwenda nyekundu, tamu ikija mwisho. Ukifika shamba la tatu ulimi umekufa ganzi, unabaki kuitikia tu kila anachosema mhudumu. Na ile ndoo iliyopo kaunta ni ya kutemea. Itumie bila aibu, hata wanaotengeneza mvinyo wenyewe wanatema.

Turudi kwa shemeji. Yeye ana bustani ya nyanya na hoho kule Buswelu, kwa hiyo tulitafuta mashamba yenye kitu cha mkulima. Babylonstoren, kati ya Paarl na Franschhoek, lina bustani yenye aina zaidi ya 300 za mimea ya kuliwa au ya dawa, imepangwa kwa mistari na mifereji ya maji katikati. Humo alipotea kabisa. Tulimkuta amechuchumaa anachunguza mpira wa umwagiliaji, anahesabu umbali wa tundu hadi tundu kwa vidole. Fairview, upande wa Paarl, wana jibini na mnara wa mbuzi: mnara mrefu mwembamba wenye ngazi inayouzunguka kwa nje, na mbuzi wanapanda wenyewe hadi juu na kusimama dirishani kama wapangaji. Shemeji alipiga picha nyingi kuliko sisi wote na kuzituma kwenye kundi la ukoo. Jibu la kwanza kutoka Magu lilikuwa la kuuliza mbuzi mmoja pale ni bei gani.

Kila shamba liandikie barua pepe mapema, uweke nafasi na uulize maneno mawili ya ziada: asiyekunywa atapata nini, na atalipa nini. Mengine yana juisi ya zabibu zao wenyewe, chokoleti au zeituni. Lakini kuna moja, silitaji, lilimtoza shemeji ada kamili ya kuonja kwa kukaa tu kitini na glasi ya maji. Tulibishana, tukalipa. Kwa Muislamu ongeza swali la chakula halali. Mjini Cape Town si tabu, Waislamu wapo wengi tangu zamani, ila mgahawa wa shambani ni lazima uulize.

Jumamosi ilikuwa Sabato yake, hivyo hatukuipangia shamba lolote. Ikawa heri kwetu sote, kwani mwishoni mwa wiki wenyeji wa mjini nao humiminika huko.

Kuna jambo moja nasisitiza: asiyekunywa asigeuzwe dereva wa bure. Naye yuko likizo. Kisheria huko kikomo ni gramu 0.05 za kileo kwa mililita 100 za damu, kidogo kuliko ilivyo kwetu, na glasi sita za kuonja zinaweza kukufikisha hapo bila wewe kujijua. Kodi gari pamoja na dereva mkiwa wengi. Franschhoek kuna tramu inayopita kwenye reli ya zamani, ikisaidiana na mabasi. Unanunua tiketi ya siku kwa njia moja, unashuka shamba unalotaka, na baada ya muda inakuja nyingine kukuchukua. Msimu wa watu wengi tiketi zinaisha, kwa hiyo nunua kabla hujaondoka nyumbani.

Kuhusu msimu: mavuno ni kati ya Januari mwishoni na Aprili. Likizo yetu ya Juni itakukuta kwenye baridi na mvua, mizabibu imepukutika majani yote, vimebaki vijiti. Bei ni nafuu na kaunta ni tupu, lakini usitegemee picha za zabibu zinazoning'inia.

Halafu msiishie kwenye glasi tu. Mashamba hayo ya kale yalijengwa na kulimwa na watumwa, wakiwamo waliotolewa Msumbiji na Madagaska, hadi utumwa ulipofutwa mwaka 1834, na hata hapo walitumikishwa miaka minne mingine kwa jina la uanagenzi. Kwenye baadhi bado kuna kengele iliyokuwa ikiwaita kazini. Groot Constantia wana jumba la makumbusho, na hapo ndipo shemeji, ambaye mvinyo haumhusu, alituchelewesha kuliko mahali pengine popote. Sisi watu wa upande huu wa Afrika tusipite hapo tukikimbilia kaunta.

Na kabla hujakata tiketi ya ndege, pitia Dodoma. Mabasi ya Mwanza kwenda Dar yanapita pale pale. Wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, wana nyekundu yao ya Makutupora, na wanalima pia Chenin Blanc, zabibu nyeupe inayolimwa kuliko nyingine zote Afrika Kusini. Onja ya Dodoma kwanza, ukifika Stellenbosch utakuwa na cha kulinganisha na cha kuuliza. Mhudumu akisikia mgeni anauliza zabibu hiyo hiyo inakuwaje kwenye joto la Dodoma, anaacha maelezo ya kukariri na kuanza kuzungumza.

Mwisho ni chupa. Kwenye begi la mkononi hazipiti, ziweke kwenye begi kubwa, na usizizungushie mifuko ya plastiki maana kwetu imepigwa marufuku tangu 2019. Vitenge viwili vinatosha. Forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu mtu mzima lita mbili za mvinyo bila ushuru, yaani chupa mbili za kawaida. Ya tatu tayari imevuka. Mume wangu alianza kumbembeleza mdogo wake abebe mbili kwa nafasi yake. Akajibiwa kwamba msamaha huo ni kwa mali ya abiria mwenyewe, na yeye mali hiyo hana.

Msomaji wenu, Nyegezi, Mwanza