Pikipiki ya Mkono wa Pili: Maswali Yenu na Majibu

Barua za majuma haya karibu zote zimekuja na jambo moja. Mtu amenunua pikipiki iliyokwisha kutumika, ameifikisha nyumbani, na sasa anagundua kwamba ina tabia zake. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Msimamo wangu ni uleule katika zote: usinunue kipuri kabla hujaujua ugonjwa, na usibadilishe vitu viwili kwa mpigo, maana pikipiki ikipona hutajua ni kipi kilichoiponya.

Fundi ameniandikia orodha: plagi, cheni, kabureta, breki shuu na betri. Pikipiki ni ya cc 150 na kwangu inatembea vizuri tu. Nianze wapi? (Msomaji, Pipeline, Nairobi)

Orodha hiyo iweke mfukoni kwanza, ndugu yangu. Anza na vile vinavyoweza kukuangusha, halafu uje kwenye vile vinavyokukera.

Tazama matairi. Ubavuni utaona tarakimu nne zimefungiwa pamoja: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani hukauka na kufanya nyufa ndogondogo hata kama meno yake bado ni marefu. Sasa lipeleke Outering Road siku mvua ya kwanza inaponyesha, wakati vumbi na oili ya miezi mingi vinageuka utelezi juu ya lami, uone kama litakushika.

Baada ya hapo, simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, mwenzio akandamize nyuma ili gurudumu la mbele liinuke. Shika foku, yale mabomba mawili yanayobeba gurudumu la mbele, kwa chini, sukuma na kuvuta. Ukisikia kitu kinagonga, beringi za usukani zimelegea. Geuza usukani polepole kushoto na kulia. Kama unanasa palepale katikati, beringi zimelika na hapo hakuna kukaza, ni kubadilisha. Kwa breki za ngoma, pikipiki nyingi zina kishale kidogo karibu na pale fimbo ya breki inapoishia. Kanyaga breki hadi mwisho: kishale kikipita alama, shuu zimekwisha.

Halafu mwaga oili, hata kama aliyekuuzia ameapa kuwa aliibadilisha juzi. Katika pikipiki nyingi za aina hii oili ya injini ndiyo hiyohiyo inayolainisha gia na kuogesha klachi. Kwa hiyo tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi haiwezi kufanya kazi bila msuguano. Ukitia oili hiyo, utaongeza moto, injini itanguruma, na pikipiki haitapanda mlima.

Plagi ifungue uitazame kabla ya kununua nyingine. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi yenye masizi ni mafuta mengi mno. Nyeupe ni hewa nyingi mno, na hiyo usiipuuze kwa sababu injini inapata joto kali. Betri ipimwe kwa mita: injini ikiwa imezimwa na imepumzika, betri nzima ya volti 12 husoma karibu 12.6, injini ikinguruma kwa nguvu kidogo inafaa kupanda hadi 14 hivi. Isipopanda, betri mpya haitakusaidia, tatizo liko kwenye kuchaji.

Ukiisha kujua kinachohitajika, Kirinyaga Road, kule wengi wanakoita Grogan, vipuri vya pikipiki za Boxer na TVS haviadimiki. Nenda na kipuri cha zamani mkononi ulinganishe uzito, mihuri na kipimo, kwa sababu bandia pia zimejaa sokoni.

Nilinunua pikipiki Mombasa, ikapakiwa kwenye lori hadi hapa. Kule ilikuwa ikiruka. Hapa inakohoa, inatoa moshi mweusi na mafuta yanaisha haraka. Nimeuziwa mbovu? (Msomaji, Kangemi)

Huenda hukuuziwa mbovu. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu yake, na kwenu Kangemi ni juu zaidi kuliko katikati ya jiji. Katika mwinuko huu kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya tano. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haina akili ya kujua hilo. Inaendelea kumimina petroli kwa kiasi kinachokaribia kile cha pwani huku hewa inayoingia ikiwa nyepesi, na petroli isiyopata hewa ya kutosha hutoka ikiwa moshi mweusi na masizi kwenye plagi.

Lakini usikimbilie kabureta. Kwanza hakikisha choki, ile ya kuwashia injini ikiwa baridi, inarudi kabisa. Nimeona pikipiki nyingi zikihukumiwa kufunguliwa injini kumbe kebo ya choki imekwama nusu njia. Pili, fungua chujio la hewa. Kama lina vumbi la safari za murram, injini inabanwa pumzi mara mbili: na mwinuko, na uchafu. La sponji huoshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, likaanikwa kivulini, kisha likapakwa oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi halioshwi; likijaa, badilisha.

Baada ya hayo mawili ndipo ushike bisibisi. Pasha injini kwa kuiendesha kidogo. Tafuta ile skrubu ndogo ya mchanganyiko kwenye kabureta, si ile kubwa ya kuongeza mngurumo. Kabla ya kuirekebisha, ikaze taratibu mpaka iguse mwisho huku ukihesabu mizunguko, uandike, kisha uirudishe ilipokuwa. Hapo umejiwekea njia ya kurudi. Halafu izungushe robo kwa robo, ukisubiri injini itulie kila mara, mpaka upate pale inaponguruma kwa kasi na utulivu zaidi. Angalia iko upande gani: ikiwa upande wa chujio la hewa, kuilegeza huongeza hewa, ikiwa upande wa injini, kuilegeza huongeza petroli. Wengi hukosea hapa, wakafungua walipopaswa kufunga, wakaishia kuilaani pikipiki.

Skrubu hiyo hutawala mngurumo wa chini tu. Kama moshi unaonekana hata ukiwa mbio Thika Road, inayohitaji kupunguzwa ni jeti kubwa, kile kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, saizi moja au mbili. Kazi hiyo mpe fundi anayekubali uiangalie plagi pamoja naye kabla na baada. Kingine ukubali mapema: nguvu kidogo iliyopotea kwa sababu ya hewa nyepesi haina dawa. Injini ndogo ya Nairobi haitavuta kama ya Likoni, hata ikirekebishwa na fundi bingwa. Na siku ukiirudisha pwani, irekebishe tena, maana ikiachwa na mafuta pungufu kwenye hewa nzito itapata joto mno.

Usiku petroli inadondoka chini ya kabureta. Mke wangu hataki iingizwe ndani tena. (Msomaji, Umoja)

Mke wako ana haki, na naomba umsikilize mpaka uimalize kazi hii. Mvuke wa petroli ndani ya chumba chenye jiko ni hatari ya moto.

Ndani ya bakuli la kabureta kuna boya, na juu ya boya kuna sindano inayoziba njia petroli ikishatosha. Punje moja ya kutu kutoka kwenye tanki inatosha kuizuia sindano isizibe, na petroli inaendelea kushuka usiku kucha. Kuanzia leo, funga koki ya petroli kila unapoegesha. Koki nyingi zina sehemu tatu: wazi, akiba na kufungwa; wengi wetu hatuitumii ile ya tatu kabisa. Kisha bakuli lifunguliwe lisafishwe, ncha ya sindano itazamwe kama ina mchubuko, na chujio dogo liwekwe kwenye mpira wa petroli.

Kabla hujaiwasha tena, chomoa kijiti cha oili ukinuse. Petroli inaweza kupita ndani hadi kwenye injini. Oili ikinuka petroli, au ikiwa imepanda kupita alama ya juu, imwage yote uweke mpya. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi mno na itakula beringi za ndani kimyakimya.

Nikiwa kwenye foleni Jogoo Road nyutro haipatikani, na nikibana klachi pikipiki bado inataka kwenda mbele. (Msomaji, Makadara)

Klachi yako haiachii kikamilifu. Kwanza tazama kebo: mkono wa klachi unafaa kuwa na uhuru mdogo kabla haujaanza kuvuta, milimita 2 au 3 kwenye pengo la karibu na kiungo chake katika pikipiki nyingi ndogo. Wako huenda unacheza zaidi ya hapo. Zungusha kirekebishi cha juu. Kikiisha, nenda kwa kile cha chini karibu na injini. Ila usikaze mpaka uhuru wote uishe, maana hapo klachi itateleza na kuungua. Kama nyuzi za kebo zimeanza kukatika, nunua nyingine leo hii, kwa sababu haitakuarifu siku ya kukatika.

Wakati huo nyutro itafute pikipiki ikiwa bado inajongea kidogo, kabla haijasimama kabisa. Meno ya gia yanaachana kwa urahisi zaidi yakiwa yanazunguka.

Indiketa ya kushoto inawaka harakaharaka kuliko ya kulia. (Msomaji, Githurai)

Balbu moja ya upande huo imeungua, au waya wake umeshika kutu. Badilisha balbu kwa ile yenye wati zilezile.

Cheni inapiga kelele. Boda mmoja akaniambia niipake oili chafu ya injini, mwingine akasema nioshe kwa petroli. (Msomaji, Kawangware)

Wote wawili wanakutakia mema, ila usiwafuate. Oili chafu imebeba unga wa chuma, na petroli inakausha kila kitu pamoja na kuwa hatari. Osha kwa mafuta ya taa na brashi, pangusa kwa kitambaa, acha ikauke, kisha dondoshea oili nzito ya gia upande wa ndani wa cheni huku ukizungusha gurudumu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Narudia, imezimwa. Kuna watu wamepoteza vidole kwa kupaka oili huku gia ikizungusha gurudumu.

Kisha pima ulegevu. Katikati ya sproketi mbili, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, cheni ya chini ipande na kushuka kwa sentimita 2 hadi 3 hivi. Kipimo kamili kiko kwenye kibandiko cha pikipiki au kitabu chake. Pima sehemu kadhaa, kwa sababu cheni iliyolika hubana hapa na kulegea pale. Usiikaze kama gitaa. Mtu akikaa nyuma, cheni hujikaza yenyewe zaidi, na iliyobanwa mno hula beringi. Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya juu ya sproketi kuukuu ni pesa ya kutupa.

Nimelipa pesa yote, lakini jina lililo kwenye logbuku si la aliyeniuzia. Anasema ni la binamu yake. (Msomaji, Kasarani)

Hili ni zito kuliko kelele yoyote ya injini. Uhamisho wa umiliki huanzishwa na mwenye jina lililosajiliwa, kupitia akaunti yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nawe unaukubali kwa akaunti yako. Binamu lazima apatikane. Linganisha pia namba ya chesi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na ile ya kwenye logbuku, na namba ya injini vilevile. Kama zimekwanguliwa, au kama binamu hapatikani, usiiendeshe. Nenda kituo cha polisi ukiwa na ushahidi wa malipo. Bima nayo iandikwe kwa jina lako mara uhamisho ukikamilika.

Mimi ni mfupi, na pikipiki niliyonunua nina raha nayo ila miguu inagusa kwa vidole tu, na viganja vinauma nikifika kazini. Niikate kiti? (Dada, Kibera)

Dada, usikate bado. Pikipiki hiyo imepangwa kwa mwili wa mtu mwingine, na vingi vinarekebishwa bila kisu. Legeza bolti za mikono ya breki na klachi kwenye usukani, uizungushe mpaka viganja vinyooke sawa na mikono ukiwa umekaa, kisha ukaze. Maumivu mengi huishia hapo. Kimo cha pedeli ya breki nacho kina skrubu yake. Kwenye shokabu za nyuma kuna pete yenye ngazi kadhaa. Kama unaendesha peke yako, ishushe hadi ngazi laini, pande zote mbili sawasawa, na kiti kitashuka kidogo ukikaa. Siku ukibeba mtu, ipandishe.

Ukibaki na upungufu, fundi wa viti anaweza kupunguza sponji pembeni, pale mapaja yanapopita, badala ya kuchimba katikati. Ukipunguza katikati utakalia chuma baada ya miezi michache. Ukisimama, zoea kushusha mguu wa kushoto tu na kuuacha wa kulia kwenye breki. Mguu mmoja uliokanyaga vizuri unatosha. Jumapili asubuhi tafuta uwanja mtupu, uvae kofia na koti lenye mistari ya kung'aa kama siku ya kazi, ufanye mazoezi ya kusimama ghafla kwa breki zote mbili kutoka mwendo wa pole, kisha kasi kidogo, mpaka mwili uzoee mahali pedeli na mikono ilipo sasa.