Nauli ya Kwenda Kucheza: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Kayole, Nairobi. Ninaongoza shirika dogo linalowakusanya watoto wa mtaa wetu kila Jumamosi ili wacheze, na kupitia michezo hiyo tunawafunza usafi, kusoma na kuishi vyema na wenzao. Mashirika mawili yanayofanya kazi kama yetu, moja la Kampala na jingine la Kigali, yamenialika niyatembelee ili tuanzishe ushirikiano. Baadhi ya wazazi wananung'unika kwamba nauli hiyo ingenunua mipira, na mweka hazina wetu ameniuliza waziwazi faida ya safari itaonekana wapi. Je, niende? Na nikienda, nifanye nini ili isiwe safari ya matembezi tu?
Mkurugenzi, Kayole

JIBU: Dada yangu, nenda, lakini uende ukiwa umetumwa. Swali la mweka hazina wako ni la haki, na hupaswi kulijibu peke yako. Itisha kikao cha wazazi kabla hujakata tiketi, kiandike mambo ambayo mtaa unataka ukayajue huko: wenzetu wanapataje uwanja katika jiji lililobanana, wanafanyaje ili wasichana waliovunja ungo waendelee kucheza, na ni nani anayewaangalia watoto wadogo wakati wakubwa wamo mchezoni. Mzazi aliyeshiriki kuandika swali atangoja jibu lake, na atakuwa wa kwanza kukutetea nauli itakapojadiliwa.

Manung'uniko hayo si mageni. Mwaka 1993 Johann Olav Koss, bingwa wa Norway wa mbio za kuteleza kwenye barafu, alizuru Eritrea akawakuta wavulana wakicheza kwa mpira wa shati lililoviringwa na kufungwa kwa mikono yake yenyewe. Mwaka uliofuata alishinda medali tatu za dhahabu katika Olimpiki ya Lillehammer, kisha akarudi Eritrea na shehena ya vifaa vya michezo. Nchi ilikuwa imetoka vitani karibuni, na wapo waliomlaumu wakisema kwamba watu wanahitaji chakula na si mipira. Hakurudi nyuma, na shirika alilolianzisha mwaka 2000, ambalo leo linaitwa Right To Play, limefanya kazi na watoto katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Mimi ninaamini alikuwa na haki. Mtoto anahitaji chakula na anahitaji kucheza, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unaitaja haki ya kucheza katika kifungu cha 31 bila kungoja umaskini uishe kwanza.

Hata hivyo, msafiri asiye na la kuonyesha kutoka kwao hukaribishwa chai na kusahauliwa. Tazama chama cha vijana cha mtaa wa Mathare hapa Nairobi, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987. Kabla ya wageni kukijua, vijana wake walikuwa wameshaunganisha soka na usafi wa mtaa: timu iliyojitokeza kuzoa taka na kuzibua mitaro iliongezewa alama katika jedwali la ligi. Utaratibu huo wa nyumbani ndio uliowapa jambo la kusimulia walipoanza kusafiri hadi Oslo kwa mashindano ya Norway Cup, na kutoka katika chama hicho ikazaliwa Mathare United, klabu iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Kwa hiyo kabla ya Kampala, keti na makocha wako mseme kwa sentensi chache ni kitu gani mnakifanya Kayole ambacho mwingine angependa kukiiga.

Ningependa pia, kama muda unaruhusu, upande kwanza basi la pwani hadi Kilifi. Huko shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwakusanya wasichana kwa soka tangu mwaka 2001, na wasichana wenyewe hushika nafasi za kocha, refa na mwandalizi wa ligi. Mambo mengi ambayo viongozi wetu huyafuata ng'ambo kwa gharama kubwa yamo humu nchini, na anayekufundisha anajua bei ya unga na shida ya karo kama unavyoijua wewe.

Sasa kuhusu siku ya kwanza ukifika. Usifungue tarakilishi, wala usitoe rasimu ya mkataba mkobani. Omba watoto wa hapo wakufundishe mchezo wao, kisha nawe uwafundishe mchezo wetu wa kati. Utagundua haraka kwamba wanaujua. Mchezo huo ambao Nairobi tunauita kati, Kampala huitwa kwepena na Dar es Salaam huitwa rede: wawili hurusha mpira kutoka pande mbili, na aliye katikati hukwepa huku akichota mchanga kwa viganja na kujaza chupa. Sheria zake ndizo hutofautiana. Je, mpira uliogusa gauni tu unahesabika? Chupa ikianguka, anayejaza aanze upya au aendelee na mchanga uliobaki? Watoto watabishana, watapaza sauti, mmoja atasusa na kurudi, na hatimaye watakubaliana sheria moja ya mchana ule. Simama pale utazame wanavyofikia makubaliano, kwa sababu kazi hiyohiyo ndiyo inayowangoja ninyi viongozi: nani anaamua, nani anabeba gharama, na mmoja akianguka wengine wafanye nini. Nimeshuhudia ushirikiano ulioanza kwa karatasi zenye mihuri ukafa kabla ya mwaka kwisha, na mwingine ulioanza kwa makocha kucheza pamoja ukadumu bila karatasi kwa muda mrefu.

Karatasi zije baadaye, lakini zije. Kampala na Kigali utaingia kwa kitambulisho cha taifa, maana Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuruhusu hivyo mwaka 2014; makubaliano ya mashirika, hata hivyo, yanahitaji jina lililosajiliwa sawasawa. Hakikisha unajua usajili wenu uko chini ya sheria ipi, kwa kuwa Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, ilhali vikundi vidogo vya kijamii vina sheria yao ya mwaka 2022.

Usiende peke yako. Mchukue kocha kijana, na ikiwezekana mmoja wa akina mama wanaonung'unika. Uhusiano unaokaa kichwani mwa mkurugenzi peke yake huondoka naye siku anapoondoka. Tena, katika bajeti ya safari yako weka tangu mwanzo fungu la kuwapokea wenyeji wako watakapokuja Kayole, hata kama ni la godoro na chakula tu. Pasipo zamu hiyo ya pili, wewe ni mgeni na wao ni wenyeji siku zote. Wiki ya kurudi, wasomee wazazi maswali yao moja baada ya jingine pamoja na majibu uliyoyapata, na risiti ziwe mezani.

Kama mnatafuta jambo la kwanza la kufanya pamoja, tarehe 11 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Kucheza, iliyopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2024. Miji mitatu ikicheza kati siku hiyohiyo kwa sheria mlizokubaliana, mtakuwa mmeanza kazi.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzazi wa Mathare. Wageni wa mashirika huja kucheza na watoto wetu nusu siku, hupiga picha nyingi, kisha huondoka. Je, tuna haki ya kukataa?
Baba wa watatu, Mathare

JIBU: Mnayo, ndugu yangu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, na picha inayomtambulisha mtoto ni taarifa zake. Mwambieni kiongozi wa shirika la hapo mtaani, kwa heshima na kabla ya siku yenyewe, kwamba mnataka kujua picha zitakwenda wapi na ni nani atakayeziona. Wala msiwafukuze wageni. Waombeni waje asubuhi, wacheze bila kamera hadi watoto wawajue kwa majina, na wale chakula pamoja nanyi. Mgeni aliyekuja kwa nia njema hatakataa.

SWALI: Tunasafiri kwenda Kigali na kikundi chetu cha vijana. Tuwapelekee watoto wa huko zawadi gani? Tulifikiria mipira ya juala, ile ya mifuko ya plastiki tuliyocheza utotoni.
Kocha, Kariobangi

JIBU: Wazo lenu ni zuri ila mifuko hiyo itawaletea matatizo mpakani. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, na hapa Kenya imekatazwa tangu tarehe 28 Agosti 2017. Bebeni soksi kuukuu safi, matambara na kamba ya katani, mkaufume mpira pamoja na watoto wa Kigali hukohuko. Kazeni fundo vizuri ili mpira usifumuke upesi.