Ukiwa Kassel, panda treni uende Witzenhausen

Kila mwaka wadogo zangu wanaokwenda Ujerumani kusoma huniuliza watembelee wapi wakipata wikendi. Orodha wanayo tayari: Berlin, Munich, Köln. Nikiwatajia Witzenhausen wananicheka. Ni mji wa watu kama 15,000 tu, kaskazini mwa jimbo la Hesse, kando ya mto Werra.

Mimi mara ya kwanza nilikosea, nilikwenda Jumapili. Jumapili maduka ya Ujerumani hufungwa, na mji mdogo ndio hulala kabisa. Nilishindia biskuti za kwenye begi. Nenda siku ya kazi. Stesheni iko ng'ambo ya mto, kwa hiyo utaingia mjini kwa miguu kupitia darajani.

Ukifika mji wa kale, simu iache mfukoni kwanza. Tazama kuta. Mji huu uliteketea karibu wote mwaka 1479, ukajengwa upya kwa mtindo uleule: fremu ya magogo, katikati fito zilizosukwa, kisha zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Aliyekulia Muheza hahitaji kuelezwa hiyo ni nyumba gani. Ya bibi yangu ilikuwa ya kukandika vilevile, ila hakuna mtalii aliyewahi kuipiga picha.

Mnara wa Wezi na Mnara wa Bundi, mabaki ya ukuta wa mji, vipitie tu. Muda wako uweke kwenye iliyokuwa nyumba ya watawa. Hapo ndipo mwaka 1898 ilipoanzishwa Shule ya Kikoloni ya Ujerumani. Vijana wa Kijerumani walifundishwa kilimo na kuendesha mashamba, kisha wakaenda makoloni, kwetu tukiwemo. Wakati huo mkonge ulikuwa umeshafika Tanga. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliuleta mwaka 1893. Babu yangu alikata mkonge enzi za Mwingereza, katika shamba lililofunguliwa na Wajerumani. Nilisimama uani pale muda mrefu kuliko nilivyopanga, na sikuwa na la kusema.

Siku hizi ni kitivo cha kilimo hai cha Chuo Kikuu cha Kassel. Walipita vijana wawili wa Kiafrika wakibishana kuhusu mboji, nikaona wamefika penyewe: ni mji huu ulioanza, mwaka 1983, kujaribu pipa la peke yake la mabaki ya jikoni, ambalo sasa limeenea Ujerumani nzima. Kitivo kina pia nyumba ya vioo yenye mimea ya nchi za joto. Hakikisha kwanza siku wanazofungua. Mimi niliingia nje kuna theluji, nikakuta migomba, kahawa na kakao, na miwani yangu ikafunikwa na mvuke papo hapo.

Ukiweza kuchagua mwezi, chagua Aprili, miti ya cheri inapochanua vilimani. Matunda yenyewe ni Juni na Julai. Na kama miguu bado ina nguvu, panda hadi ngome ya Ludwigstein. Ng'ambo ya bonde utaiona ngome nyingine, Hanstein. Enzi za Ujerumani mbili, moja ilikuwa Magharibi na nyingine Mashariki, mpaka ukipita katikati. Vaa viatu vyenye meno. Raba zangu za mtumba zilinishusha nusu ya njia kwa makalio.