Moto ukishapita mlimani, usiiamini ardhi

Mgeni katika kikosi cha kuzima moto hukodolea macho moto akasahau anapokanyaga, na kwenye mteremko mkali ndipo anapoanguka. Mawe yaliyokuwa yameshikwa na mizizi na nyasi, vikishaungua, hubaki yameegemea tu, kisha majivu huyafunika hadi pote paonekane sawa.

Cha kuogopa zaidi ni shimo la kisiki. Moto huingia mizizini ukala chini kwa chini, pengine kwa siku kadhaa, huku juu kumebaki ganda jembamba la udongo. Ukilikanyaga, mguu unatumbukia kwenye makaa, na kuuchomoa ukiwa na mzigo mgongoni ni kazi. Tafuta majivu meupe yaliyojikusanya mahali pamoja, au moshi mwembamba unaofuka ardhini kwenyewe. Pashuku, kisha gonga kwa mpini wa jembe kabla ya kuweka uzito. Mpini ukizama, zunguka, na umwambie anayekufuata. Tafadhali usione haya kuchelewa hapo.

Kushuka, kata mteremko kimshazari kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo. Panapoteleza, chimba kikanyagio. Kabla ya kushuka kaza kamba za buti kwenye kifundo, la sivyo vidole vitagonga mbele njia nzima. Zana ishike mkononi upande wa bondeni, pale uzito wake unapolingana, si begani: ukiteleza, uitupe mbali usije ukaiangukia. Ndiyo maana tunaacha mita 3 kati ya mtu na mtu.

Usifanye kazi chini ya mwenzako moja kwa moja. Jiwe likichomoka, piga kelele "Jiwe!" papo hapo, hata likiwa dogo, maana dogo huamsha makubwa. Ukiisikia sauti hiyo, tazama juu kwanza, kisha ukwepe kwa upande. Anayekimbilia chini hufukuzwa na jiwe.

Majivu yaliyolowa maji ya mpira wa kuzimia moto huteleza kama sabuni. Usiku, tochi ya kofia hufuta vivuli, shimo likaonekana tambarare. Shika nyingine mkononi, usawa wa kiuno.

Kifundo kikiteguka, machela mlimani yahitaji watu 6 na wa kupokezana nao, wakati moto haungoji. Kwa hiyo njia ya kutorokea ipite kwa miguu yako mwenyewe kabla ya kuanza kazi, ukiwa na mzigo wako wote, na uhesabu dakika.