Thorfinn hakungoja kusamehewa

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu aliyewahi kupora watu simu Mbagala anaweza kubadilika kama Thorfinn, kijana shujaa wa katuni ya Kijapani (anime) Vinland Saga, maana mtaani bado wanakuita mwizi. Anaweza. Ila tazama vizuri yeye alibadilikaje.

Msimu wa kwanza, wa 2019, amejaa kisasi cha baba yake Thors, na anaua watu wasiomkosea chochote. Askeladd, aliyesababisha kifo cha baba yake, akifa, kisasi kinaishia hapo, naye anabaki mtupu. Msimu wa pili, wa 2023, wengi waliulalamikia kwamba vita ni haba. Mimi naona ndio roho ya hadithi. Thorfinn ni mtumwa kwenye shamba la Ketil huko Denmark, anang'oa visiki na mtumwa mwenzake Einar, ambaye kijiji chake kiliangamizwa na watu wa aina ya Thorfinn. Usiku Thorfinn anaota aliowaua. Anaapa kuacha ukatili, na wafu hao hawajamwambia yamekwisha.

Kwa hiyo usisubiri mtaa ukuamini ndipo uanze. Kama unamfahamu uliyemwibia, nenda mchana, ukiongozana na mzee anayeheshimika au mjumbe wa shina, umwombe radhi na umlipe kidogo kidogo. Peke yako usiende, tafadhali, hapa Dar ukelele mmoja wa "mwizi!" unatosha kumuua mtu. Akikufukuza, ondoka kwa adabu. Shika kazi yoyote halali, hata kubeba mizigo sokoni, watu wakuone nayo kila siku. Na wale wenzako wa zamani wakikupigia, usipokee.