Mfamasia Anaweza Kubadilisha Dozi?

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Mama yangu anaishi Faza na ana presha ya miaka mingi. Kila vidonge vyake vinapohitaji kuongezwa au kupunguzwa hana budi kupanda boti hadi Lamu mjini kumwona daktari, na msimu wa kusi safari hiyo si ya mtu wa umri wake. Mfamasia anayemuuzia dawa anamjua vyema na humpima presha, lakini hukataa katakata kugusa dozi. Ndugu yangu aliyeko Marekani asema mfamasia wake ndiye humrekebishia. Je, ni kweli? Na kwa nini wetu asifanye vivyo hivyo?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam. Asemayo ndugu yako yawezekana kabisa, ila mgonjwa aliye dirishani haoni kilicho nyuma yake. Mfamasia wa aina hiyo hubadilisha dozi kwa makubaliano ya maandishi kati yake na daktari, na makubaliano hayo yana nguvu kwa sababu sheria ya jimbo imeyatambua. Jimbo la Washington lilitangulia mwaka 1979, na leo karibu majimbo yote ya Marekani yanayaruhusu kwa namna moja au nyingine, ingawa hayafanani hata kidogo: kwingine makubaliano hutiwa saini kwa kila mgonjwa peke yake, na kwingine hugusa kundi zima la wagonjwa wa maradhi fulani.

Kiini chake ni mgawanyo wa kazi. Daktari ndiye anayetambua ugonjwa na kuamua matibabu; kisha anamkabidhi mfamasia sehemu iliyotajwa waziwazi, yaani ni maradhi gani, dawa zipi, dozi isizidi wala kupungua kiasi gani, vipimo vipi anaweza kuagiza, kumbukumbu zitamfikia daktari vipi, na dalili zipi zikionekana mgonjwa arudishwe kwake mara moja. Mfano ulio wazi ni dawa ya warfarin, ya kuzuia damu kuganda, ambayo dozi yake hupandishwa au kushushwa kulingana na kipimo cha damu, na ikikosewa mtu huweza kuvuja damu. Kazi ya namna hiyo, inayotaka kufuatilia kwa karibu kuliko kugundua ugonjwa upya, ndiyo inayomfaa mfamasia.

Uingereza ilianza na njia iliyokaribiana na hiyo mwaka 2003, kwa mpango wa matibabu ulioafikiwa na daktari, mfamasia na mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2006 ikasonga mbele na kumruhusu mfamasia aliyesomea kazi hiyo aandike dawa kwa mamlaka yake.

Sasa turudi kwetu. Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, iliyoanza kutumika mwaka 1957, imejengwa juu ya msingi kwamba dawa za cheti huandikwa na mmoja na kutolewa na mwingine. Daktari na mfamasia wa Lamu wakiafikiana kwa nia njema, hata kwa maandishi, maafikiano yao peke yake hayampi mfamasia mamlaka ambayo sheria haikumpa, na dozi ikimdhuru mgonjwa ni yeye atakayeulizwa. Kwa hiyo usimlaumu. Kukataa kwake ni uaminifu, hata kama kunawachosha. Wala msitegemee bunge la kaunti: Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vituo vya afya na famasia zake, lakini usajili wa wafamasia na mipaka ya taaluma yao imo katika sheria ya taifa. Binafsi naona visiwa vyetu ni hoja nzito ya kuibadili, ilimradi ieleweke kwamba anayesimama nyuma ya kaunta ya kila duka la dawa si lazima awe mfamasia.

Kwa sasa, mwombeni daktari aandike kwenye cheti dawa itolewe kwa miezi mingapi na kwa vipindi gani. Mfamasia naye aandike presha ya mama katika daftari, pamoja na tarehe, ampigie daktari tarakimu zinapobadilika, na daktari akiona ipo haja ya dozi nyingine, aandike cheti kipya.