Kivuli kabla ya kiyoyozi: kupanga nyumba na ua Dar es Salaam

Watu wengi wanaohamia nyumba mpya hapa Dar es Salaam huanza na makochi, mapazia na televisheni, na joto la Januari likishawabana ndipo hukimbilia kununua kiyoyozi. Mimi nimepanga Sinza, nikapanga Tabata, kisha nikajenga Goba, na ushauri ninaowapa ndugu na majirani wanaoniuliza ni kwamba fedha ya kwanza iende kwenye kivuli na njia za upepo, inayofuata iende kwenye maji, na mapambo yasubiri. Nyumba yenye kivuli na upepo hukaliwa kwa raha hata kama viti vyake ni vya plastiki, ilhali nyumba isiyo navyo huwatoa watu nje kila jioni hata kama sebule yake imekula mamilioni.

Jambo la kwanza la kulijua ni mwendo wa jua. Jiji letu liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hutusimamia utosini mwanzoni mwa Machi na tena kuelekea katikati ya Oktoba. Mwezi wa Juni huelemea kaskazini na Desemba huelemea kusini, lakini nyakati zote hizo linabaki juu sana. Ndiyo maana kuta za kaskazini na kusini ni rahisi kuzikinga: paa likitokeza futi mbili au tatu nje ya ukuta, madirisha ya pande hizo huwa kivulini saa za mchana. Tatizo liko mashariki na magharibi, ambako jua huingia likiwa chini, likapita chini ya paa na kupiga ukuta wote mwaka mzima. La mashariki linavumilika kwa sababu huja nyumba ikiwa bado imepoa. La magharibi hufika wakati kuta, paa na sakafu ya nje vimekwisha kupata moto wa kutosha, na tofali la saruji likishalipokea joto hilo halilitoi upesi. Weka kiganja chako kwenye ukuta wa ndani wa chumba cha magharibi saa tatu usiku mwezi wa Februari, nawe utaukuta ungali na uvuguvugu, na aliyesukuma kitanda hadi kwenye ukuta huo atageuza mto upande wa pili mara nyingi kabla hajapata usingizi.

Kwa hiyo anayejenga aweke jiko, stoo na bafu upande wa magharibi, na vyumba vya kulala viende mashariki au kusini. Anayepanga aende kuitazama nyumba saa kumi alasiri, ingawa madalali wengi hupenda kukupeleka asubuhi kuna ubaridi. Aingie kila chumba, afunge mlango, akae kidogo. Akiwa amekwisha kuhamia na hawezi kubadilisha chochote, bado anaweza kukisogeza kitanda mbali na ukuta huo na kuning'iniza pazia la mianzi au mkeka nje ya dirisha. Nasisitiza nje. Pazia zito la ndani hulizuia jua likiwa limekwisha kupenya kioo, na joto lililoingia chumbani linabaki chumbani.

Upepo nao una kalenda yake, na wavuvi wa Ferry wanaijua kuliko wachoraji wengi wa ramani za nyumba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, yaani miezi ileile inayotutesa kwa joto, na Kusi huchukua zamu kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba. Chumba chenye dirisha linalopokea pande hizo kina bahati, lakini dirisha moja halitoshi, kwa sababu upepo hauingii mahali usipoweza kutokea. Kila chumba cha kulala kingepata madirisha mawili kwenye kuta mbili tofauti, na pasipowezekana, basi mlango uwekewe kitundu chenye nondo na wavu juu yake ili hewa ipite usiku mlango ukiwa umefungwa. Nyumba za Kiswahili za Magomeni na Kariakoo zililijua jambo hili: baraza mbele, ukumbi unaokata nyumba katikati, ua nyuma, na milango miwili ikifunguliwa hewa inapita moja kwa moja. Tulipoanza kujenga nyumba za kuzungushia vyumba sebule, tuliiziba njia hiyo.

Kuhusu madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, ambayo siku hizi ni kama sharti, ninalo neno moja. Dirisha la aina hiyo hufunguka nusu tu, maana kioo kimoja lazima kisimame mbele ya kingine, hivyo aliyelipia dirisha la futi sita hupata upepo wa futi tatu. Mwambie fundi akutengenezee ya kufunguka kwa bawaba, angalau vyumbani; nondo na wavu vitabaki palepale na usalama haupungui. Wavu wenyewe uoshwe mara kwa mara, hasa kwa anayeishi kando ya barabara ya vumbi, kwa kuwa wavu uliojaa vumbi huzuia hewa karibu kama kitambaa. Ukuta wa uzio nao, kama ni lazima uwe mrefu, safu zake za juu zijengwe kwa matofali yenye matundu.

Paa nitalipitia upesi. Bati la rangi nyeusi au nyekundu iliyokolea linapendeza kwenye picha, lakini bati la rangi hafifu hurudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka, na bei haitofautiani kiasi cha kuumiza. Fundi aache matundu yenye wavu kwenye pembe za juu za kenchi ili hewa ya moto iliyo juu ya dari itoke. Baada ya hayo, pangaboi linatosha kwa usiku mwingi. Pangaboi la kawaida hutumia wati 60 hivi hadi 75, na kiyoyozi cha BTU 12,000 hutumia wati elfu moja na zaidi kidogo kinapofanya kazi, kwa hiyo anayenunua umeme wa LUKU kwa kuhesabu uniti hana haja ya kuelezwa zaidi. Pangaboi halipozi chumba, linampoza mtu, basi lizime ukitoka.

Sasa ua, ambao kwangu ndio nusu ya nyumba. Wakati najenga, fundi aliniambia, "Bosi, mwaga pevingi eneo lote, utapumzika kufagia." Ushauri huo hutolewa Goba, Mbezi, Kigamboni na kwingineko, na wengi huufuata mpaka kwenye kona ya mwisho ya kiwanja. Pevingi ina kazi yake: njia ya gari, njia ya kwenda mlangoni, mahali pa kuanikia nguo. Lakini ua uliofunikwa wote hupokea jua kutwa na kuirudishia nyumba joto hilo jioni, kupitia madirisha yaleyale tuliyoyafungua kutafuta upepo, na mvua za masika zikija maji hayana pa kunywea, yanakwenda kwa jirani wa bondeni. Mimi niliacha udongo wazi sehemu kubwa ya upande wa magharibi na nyuma, na huko ndiko iliko miti.

Uchaguzi wa mti uanze na swali la kazi yake. Miashoki iliyopangwa mstari kandokando ya ukuta ni mizuri na huficha ua usionekane, ila kivuli chake hakimtoshi hata mtu mmoja na kiti chake. Mwarobaini ni mti wa kuanza nao kwa asiye na subira, kwani hukua haraka, huvumilia kiangazi na hubaki na majani karibu mwaka mzima. Ukipandwa mita tano hivi kutoka ukuta wa magharibi, ndani ya miaka michache jua la alasiri linakutana na majani kabla ya kukutana na tofali. Mwembe una kivuli kizito zaidi na maembe juu yake, lakini unataka nafasi, wala si mti wa kiwanja chembamba. Mkungu unatoa kivuli kipana na unastahimili hewa ya bahari, ila mwenye nyumba akubali kuokota majani makubwa mekundu kila unapopukutisha. Mipapai pandeni tu, inazaa mapema, lakini msiihesabie kivuli. Mnazi usiwekwe karibu na maegesho wala mahali watoto wanapochezea, kwa sababu ambazo kila mwana Pwani anazijua. Na mti wowote mkubwa ukae mbali na karo la maji taka na mbali na nyaya za umeme. Anayetaka kuona miti mikubwa inavyobadilisha hewa aende mchana kwenye Bustani ya Mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa 1893 enzi za Wajerumani, atoke barabarani aingie chini ya miti ile, asimame.

Miche ipandwe masika yanapoanza, Machi au Aprili mapema, ili mizizi iwahi kushuka kabla ya ukavu wa Juni hadi Septemba. Shimo lichanganywe samadi iliyooza, na juu ya udongo kuzunguka shina yapangwe makumbi ya nazi, upande wa nyuzi ukiwa chini. Makumbi hupatikana kwa bei ya chini au bure kabisa kwa wauza nazi wa sokoni, huhifadhi unyevu kwa siku kadhaa na huoza polepole yakawa mbolea. Yaachie nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina lenyewe, maana unyevu unaogusa gome huualika mchwa.

Maji ndiyo yanayoamua bustani itadumu au la. Wenye visima vifupi maeneo mengi ya jiji wanapata maji ya chumvi, na mlimau au mchungwa unaomwagiliwa maji hayo huanza kuungua majani kwenye ncha. Mnazi na ukoka huvumilia zaidi. Yaonje kabla ya kununua miche. Mvua ni rafiki asiyetumiwa vya kutosha: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo mvua moja ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 100 inakaribia kukupa lita 2,000, yaani tangi zima. Maji ya dakika za mwanzo yamwage, kwani yanasomba vumbi na mavi ya kunguru, na wa Dar hawana haya. Yanayobaki ni matamu kuliko ya kisima, na hata maji ya kuoshea mboga yana kazi kwenye matembele na mchaichai.

Vyungu vya maua vinahitaji tahadhari ya pekee. Homa ya dengi imewahi kulisumbua jiji hili, ukiwemo mlipuko wa 2014 na wa 2019, na mbu anayeieneza huuma mchana na hupenda maji masafi yaliyotuama kidogo tu: sahani ya chungu, kopo, tairi, mfuniko wa tangi uliobonyea. Inamisha sahani ya chungu kilichosahaulika kibarazani, utaona viluwiluwi vikijipinda na kuzama. Mayai ya mbu huyo hung'ang'ania ukingoni mwa chombo na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sahani isuguliwe kwa brashi kila wiki, au ijazwe mchanga unaonyonya maji ya ziada.

La mwisho ni jirani. Kabla hujachimba shimo la mti karibu na uzio, mpigie hodi umweleze ni mti gani na utakwenda wapi, kwa sababu majani yake yatajaza mifereji ya paa lake na kivuli chake kinaweza kuangukia kamba yake ya nguo. Mimi niliambiwa nisogeze mwembe mita tatu, nikausogeza ungali mche, na ilikuwa kazi ya jembe moja na nusu saa.